Wali wa Kukaanga: Sayansi ya Kiporo Kilichotunzwa Vizuri

Wali wa kukaanga ni wali uliokwisha kuiva, unaorudishwa jikoni na kupikwa mara ya pili kwa mafuta kidogo, moto mkali na muda mfupi, pamoja na mboga, mayai au kitoweo kingine. Hapo ndipo unapotofautiana na pilau, ambalo mchele wake huingia sufuriani ukiwa mbichi na kuivia ndani ya supu yenye viungo. Nchini China, mji wa Yangzhou katika jimbo la Jiangsu unasifika kwa wali wa aina hii. Indonesia, nasi goreng huliwa tangu kifungua kinywa hadi usiku. Kote huko chakula hiki kimetokana na mabaki: wali wa jana, yai, na mboga kidogo kidogo zilizosalia. Unafuu wake unaanzia hapo, na utamu wake pia.

Mchele kwa sehemu kubwa ni wanga, na wanga huo una molekuli za aina mbili: amilosi, iliyonyooka, na amilopektini, yenye matawi mengi. Mchele unapochemshwa, wanga hufyonza maji, huvimba na kulainika kati ya nyuzi joto 60 na 80 hivi, kutegemea aina ya mchele. Wali ukiwa bado wa moto, punje zake huwa laini na zenye kunata. Zikigeuzwa kikaangoni hupondeka na kushikana mabonge. Unapopoa, molekuli hujipanga upya na kukazana: amilosi kwa saa chache, amilopektini polepole zaidi. Wakati huohuo unyevu wa juu ya punje hukauka. Kiporo kilichotoka kwenye jokofu huwa kigumu, hakitamaniki kuliwa hivyo kilivyo, lakini ukavu huohuo ndio unaoifanya kila punje ijitenge na mwenzake kwenye mafuta. Joto la kikaango hukilainisha tena kwa ndani bila kukirudishia ute wa nje.

Mchele wa punje ndefu, ambao kwa kawaida una amilosi nyingi, hufaa kuliko ule unaonata. Si lazima uwe wa bei ya juu, kwa kuwa harufu nzuri ya mchele wa gharama hufunikwa na kitunguu saumu na viungo. Uoshwe mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, kisha upikwe kwa maji pungufu kidogo kuliko kawaida.

Moto mkali una kazi yake. Mahali penye maji, joto la chakula haliwezi kupanda sana kupita nyuzi joto 100 mpaka maji hayo yawe mvuke. Rangi ya hudhurungi na harufu ya kukaangwa hutokana na protini na sukari kukutana kwenye joto la nyuzi 140 hivi na kuendelea, mmenyuko uliopewa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Kikaango kikijazwa kupita kiasi, joto hushuka, mboga hutoa maji, na wali huishia kuchemka badala ya kukaangika. Kwa jiko la nyumbani, liwe la gesi au la mkaa, dawa ni kukaanga kwa mafungu madogo.

Kwa upande wa lishe, wali mtupu hutia nguvu lakini haujitoshelezi. Protini yake ina upungufu wa laisini, asidi amino ambayo mwili hauwezi kuitengeneza. Njegere, maharage, dagaa na mayai zinayo kwa wingi. Yai moja huongeza takriban gramu 6 za protini. Karoti huleta beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A na huifyonza vyema zaidi panapokuwa na mafuta. Hoho na kabeji zina vitamini C, inayoharibiwa na joto, hivyo dakika mbili tatu za moto zinatosha. Chumvi ndiyo ya kuangaliwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, na kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya huweza kubeba zaidi ya gramu 2. Sosi ikitiwa, chumvi nyingine haihitajiki.

Hatari kubwa iko kwenye utunzaji. Mchele mbichi mara nyingi hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye joto la kawaida, mbegu huchipua, bakteria huongezeka na kutoa sumu inayosababisha kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya kula. Sumu hiyo hustahimili hata nyuzi joto 121, hivyo kupasha moto au kukaanga hakuiondoi. Miaka ya 1970 Uingereza ilipata milipuko ya maradhi haya kutokana na wali wa kukaanga wa mikahawani. Wapishi waliuacha wali nje usiku kucha, kwa kuwa ukiwekwa kwenye jokofu ulishikana mabonge.

Mabonge yana dawa iliyo salama. Wali ukiiva, utandazwe kwenye sinia pana, upepewe, uchambuliwe kwa uma, na ndani ya saa moja uingie kwenye jokofu ukiwa umefunikwa, utumike kesho yake. Nyumba isiyo na jokofu isilaze wali: uupike, uutandaze, na mara tu ukipoa na kukauka juu uukaange siku hiyohiyo.

Kwa watu wanne, vikombe 2 vya mchele mbichi vinatosha, pamoja na mayai 3, kikombe 1 cha njegere zilizochemshwa, karoti, hoho, kitunguu maji, punje chache za kitunguu saumu na vijiko 2 vya chakula vya mafuta. Mayai huvurugwa kwanza na kuwekwa kando. Vitunguu hufuata, kisha karoti iliyokatwa ndogondogo, njegere na hoho. Wali huingia mwisho, ukigeuzwa bila kupondwa mpaka uwe wa moto kabisa na punje zianze kurukaruka kikaangoni. Mayai hurudishwa, sosi kidogo hupitishwa pembeni mwa kikaango, na chakula hupakuliwa papo hapo. Kitakachobaki hapo kisipashwe tena, na wali uliolala nje ya jokofu utupwe hata kama haunuki.