SEMA KWA MDOMO, ONYESHA KWA MKONO

Ndugu mfanyakazi, soma maneno haya mawili kwa sauti: «ufungue», «usifungue». La kwanza linatoa ruhusa, la pili linakataza. Tofauti yao ni kipande kidogo tu: «si». Kipande hicho kikipotea katika kelele ya mashine, mtu anaweza kupoteza mkono, ao maisha.

Zamani, katika dispanseri nilikofanya kazi, tuliletewa kijana mmoja, mkono wake umefungwa kwa shati la mwenzake. Kapita alikuwa amemwambia: «Usifungue mpaka nirudi.» Kijana akaitika kwa kichwa, kapita akaenda zake. Lakini kijana alikuwa amesikia «fungue» tu. Akafungua kifuniko, na mashine ilikuwa ingali inazunguka. Vidole viwili vikakatika. Nilipomwuliza kwa nini aliitika, akajibu: «Munganga, niliona haya kumwuliza mukubwa mara ya pili.»

Kwa nini «si» inapotea? Sauti ya «s» ni nyembamba, kama mluzi. Sikio linaloharibiwa na kelele hupoteza kwanza sauti nyembamba. Mtu wa namna hii anasikia kwamba unasema, lakini maneno hayakamati vizuri. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 za kazi inatosha kuharibu masikio, siku kwa siku, bila maumivu. Huna chombo cha kupimia? Simama na mwenzako, umbali wa mkono mmoja. Kama ni lazima mpaze sauti ili msikilizane, kelele hiyo ni ya hatari. Vaa vizibo vya masikio, sababu sikio lililokufa kwa kelele halina dawa ya kulifufua.

Hapa Sakania watu wa reli walijua jambo hili tangu zamani. Reli ilipofika hapa kutoka kusini, mwaka wa 1909, dereva wa mashine ya moshi hakuweza kusikia neno la mtu aliyesimama chini. Aliangalia bendera mchana na taa usiku. Nyekundu: simama. Anayeona, akiwa anasema Kilamba, Kibemba, Kiswahili ao Kifaransa, anaelewa sawasawa na wengine.

Lakini jihadhari: alama ya mkono nayo inadanganya, kama hamkupatana mbele. Sisi tunaita mtu kwa kugeuza kiganja chini na kukunja vidole. Dereva wa mashine ya kuinulia mizigo, aliyefundishwa mahali pengine, anaweza kuona «teremsha» ao «polepole». Wewe umeita mwenzako, yeye anashusha mzigo! Watu wengi wa Uchina wanaonyesha nane kwa kidole gumba na kidole cha shahada; sisi tunahesabu viwili. Kama ni hesabu ya mifuko, mtacheka. Kama ni namba ya swichi ya umeme, hakuna atakayecheka.

Tena kuna heshima. Tulifundishwa na wazazi kuinamisha macho mbele ya mukubwa, kumpigia makofi ya salamu, kuitika bila kubisha. Ni desturi nzuri, tusiitupe. Lakini kichwa kinachoitika kinasema: «Ninakuheshimu.» Si lazima kiwe kinasema: «Nimeelewa.» Basi wewe kapita, usiulize: «Umesikia?» Jibu litakuwa ndiyo sikuzote. Uliza: «Sasa utafanya nini?» Akuambie kwa mdomo wake na akuonyeshe kwa mkono wake. Na wewe kijana, kuuliza mara ya pili si kukosa adabu.

Mama wa nyumbani, wewe pia una kazi hapa. Mume wako anapandisha redio sana? Anakutazama midomo ukisema? Unamwuliza habari ya mtoto, naye anajibu habari ya chumvi? Usifikiri ni kiburi. Mwambie aende dispanseri wamwangalie masikio. Na akirudi kazini anasema «haiko neno», huku amekaza ngumi juu ya kifua, jasho linamtoka na pumzi ni fupi, usingoje kesho. Mdomo unaweza kuficha, mwili unasema. Mpeleke hospitali saa ile ile.

Tukumbuke haya manne:

1. Mbele ya kuanza kazi, patanani alama zenu, wenyeji na wageni pamoja. Kila mtu azifanye, wengine watazame.

2. Mtu mmoja tu amwonyeshe dereva alama. Lakini alama ya kusimama, kila mtu ana haki ya kuitoa, hata mwanafunzi wa kazi. Dereva asimame kwanza, maswali yatafuata.

3. Ukikataza jambo, mkono wako ukataze pamoja na mdomo. Afazali useme «Acha!» ao «Simama!» kuliko neno refu lenye «si» ndani yake.

4. Mdomo na mkono visipopatana, kazi isimame mpaka vipatane.

Kijana yule leo anasalimia kwa mkono wa kushoto, na kila mara anaomba radhi kwanza. Kuuliza mara ya pili kungemchukua nafasi ndogo sana. Ndugu, uliza.