Jani linavyohifadhi jua, na sisi tunajifunza nini
Unayemwagilia kwa pampu ya sola unaijua shida yake: jua likizama pampu inazima, na betri za kutunza umeme ni bei. Kumbe mahindi yako yana dawa ya shida hiyo.

Jani linapokea mwanga, linapasua maji, oksijeni linaitoa nje. Haidrojeni linaiunganisha na hewa ya kaboni dioksidi, inatoka sukari. Hiyo sukari ndiyo akiba ya jua. Kuni, mkaa na mafuta ya alizeti vyote vimetoka hapo.

Wanasayansi wanaiga kazi hiyo. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kwamba titani dioksidi ikipigwa na mwanga inaweza kupasua maji. Mwaka 2011 Daniel Nocera wa Marekani akaja na kipande cha silikoni kilichopakwa vichocheo. Ukikitumbukiza kwenye maji juani, upande mmoja unatoa haidrojeni, mwingine oksijeni. Mwaka 2016, yeye na Pamela Silver waliwalisha bakteria haidrojeni na kaboni dioksidi, wakapata alkoholi inayoweza kuwa mafuta. Kwa hesabu yao, mfumo huo ukitumia paneli nzuri unahifadhi karibu asilimia 10 ya nguvu ya jua. Mazao mengi shambani huishia kama asilimia 1.

Baadaye walitumia bakteria wengine wanaonasa naitrojeni hewani, kama wale wa kwenye vinundu vya maharage. Figili zilizopewa bakteria hao zilinenepa kuliko zisizopewa. Hapo mnunuzi wa urea lazima asikilize!

Ila hii bado ni kazi ya maabara. Haidrojeni hiyo bado ni ghali na vichocheo vinachakaa. Akija mtu kukuuzia mtambo wa "mafuta ya jua", usitoe hela.

Unachoweza kuiga leo ni akili ya jani: hifadhi jua likiwepo. Mchana pampu ijaze tangi lililoinuliwa, jioni maji yashuke yenyewe kwenye dripu. Mabua usichome, ni jua ulilokwishavuna. Lisha ng'ombe au tengeneza mboji. Mwenye ng'ombe wa ndani afikirie biogesi. Kabla ya kununua betri, piga kwanza hesabu ya tangi.