Banjo Iliyong'olewa Shingo

Kijana anayeanza muziki huambiwa mapema mno: usiige, tafuta sauti yako. Ushauri huo humchelewesha. Sauti bado hana. Anachohitaji kwanza ni mikono na masikio, na hivyo hupatikana kwa kuwafuatisha waliotangulia.

Kingsbury, kaskazini-magharibi mwa London, palikuwa na shule ya sekondari ya Tylers Croft. Kati ya 1952 na 1956 alisoma hapo Charlie Watts, mtoto wa dereva wa lori, ambaye baadaye alikuwa mpiga dramu wa bendi ya roki ya Rolling Stones. Familia yake awali iliishi jirani, Wembley, katika nyumba za muda za kuunganishwa vipande, kwa kuwa mabomu ya vita yalikuwa yamebomoa nyumba nyingi. Akiwa na miaka kama 13 alimsikia kwenye santuri Mmarekani Chico Hamilton, akipiga dramu kwa brashi katika bendi ya Gerry Mulligan. Akaitamani sauti ile. Dramu hana, ana banjo tu. Basi akaing'oa shingo, ule mviringo uliowambwa akauweka juu ya stendi, akaanza kuupiga kwa brashi. Mwaka 1955 wazazi wakamnunulia dramu, naye akawa anaweka santuri za jazi na kupiga sambamba nazo.

Zoezi hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Santuri haimngoji mtu. Tena haikuonyeshi mkono wa mpigaji: unasikia matokeo tu, njia ya kuyafikia unaitafuta mwenyewe, kwa viungo vyako na chombo chako. Ndiyo maana wanafunzi wawili wakiiga santuri moja kwa bidii, baada ya mwaka hawafanani.

Januari 1963 Watts akajiunga na Rolling Stones, vijana ambao nao walikuwa wakiiga bluzi za Wamarekani weusi. Hata jina la bendi lilitoka kwenye wimbo wa Muddy Waters. Muziki wao ulitaka nguvu, na Watts akauendea na mikono ya jazi: fimbo ya kushoto imelala kiganjani, haijakamatwa kama nyundo. Halafu kuna jambo dogo ambalo naomba msomaji alisikilize. Wapiga dramu wengi wa roki huendelea kugonga matoazi pacha (hi-hat) kwa mkono wa kulia bila kukatiza, hata pale mkono wa kushoto unapopiga dramu ya sneya kwenye pigo la pili na la nne. Watts aliuinua wa kulia kila sneya ilipolia. Sneya ikasikika peke yake, nzito, na mdundo ukawa kama unavuta pumzi. Mwenyewe alieleza kwamba hakuwa akijua anafanya hivyo.

Pwani yetu ina kisa kikubwa zaidi cha kuiga. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri akajifunze ganuni, chombo cha nyuzi. Taarab ya jumba la sultani ikaimbwa kwa Kiarabu, kwa kufuata Misri. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, alianzia katika taarab hiyohiyo, kisha akaitia maneno ya Kiswahili na habari za mitaa ya Ng'ambo, mjini Zanzibar. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri zilizoenea pwani nzima.

Katika visa vyote viwili, kilichoigwa kilihamishwa. Jazi ikapelekwa kwenye roki, wimbo wa jumbani ukapelekwa mtaani, na kule kazi yake ilikuwa nyingine, ikabidi ubadilike. Kuiga kunakodumaza ni kule kwa kumnakili mtu mmoja, kwa kazi ileile aliyoifanya yeye. Bendi za kupiga nyimbo za wengine hotelini zinalijua hilo vizuri.

Kwa hiyo mwalimu mwenye mwanafunzi anayefuatisha gitaa la Mbaraka Mwinshehe noti kwa noti asimkataze. Amwache amalize, ampe na Franco wa Kongo, tena kwa masikio bila karatasi. Akishaiva, amwingize katika kikundi cha taarab au kwaya ya kanisani, mahali ambapo mapigo yale hayakutengenezewa, na amwambie apige.