Mtoto Asiyeacha Kuumwa

Haydom ni mji mdogo wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Kuanzia mwaka 2009 mji huo ulikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa afya ya watoto uliofanyika katika nchi nane, kuanzia Bangladesh na Pakistan hadi Peru na Brazil. Kazi ilikuwa ya subira. Watafiti walimfuata mtoto tangu wiki zake za kwanza hadi atimize miaka miwili, wakipita nyumbani kwao mara mbili kila wiki kuuliza kama amekohoa, amehara au amepata homa. Kila mwezi walichukua pia choo chake wakakipime maabara, hata kama hakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa.

Matokeo ya Haydom yaliwafikirisha. Watoto wa pale walihara mara chache kuliko wenzao wa Pakistan na Bangladesh, lakini waliodumaa walikuwa wengi mno. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa mafupi: mtoto anahara, anakonda, anadumaa. Hapa walikuwapo watoto waliodumaa bila kuhara sana. Jibu lilianza kuonekana kwenye vile vyoo vya watoto waliodhaniwa wazima. Katika vituo vyote kwa pamoja, zaidi ya nusu ya sampuli za watoto wasiohara zilikuwa na vimelea vya maradhi. Shigella, Campylobacter, Giardia na aina fulani za E. koli walikuwa wamejikalia tumboni, kimya kimya, na watoto waliokuwa nao mara kwa mara walikuwa wafupi kuliko wenzao.

Mama mwenye mtoto wa aina hii anamjua vizuri, hata kama hajawahi kusikia habari za Haydom. Leo kikohozi, wiki ijayo homa, mwezi ujao tumbo. Kadi ya kliniki imejaa tarehe, na mstari wa uzito umelala badala ya kupanda. Kila ugonjwa unatibiwa kivyake, unaisha, unakuja mwingine. Kinachosahaulika ni hali ya utumbo katika zile siku za katikati, mtoto anapoonekana amepona.

Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vijinyama vidogo sana vilivyosimama kama nyuzi za taulo, na kazi yake ni kunyonya chakula. Vimelea vinapoushambulia ukuta huo siku baada ya siku, vijinyama vile hufupika na kulala, na eneo la kunyonyea chakula hupungua. Mtoto anakula uji uleule anaokula jirani yake, lakini mwili wake unapata kidogo. Halafu ukuta wenyewe huanza kuvuja. Mabaki ya bakteria hupenya hadi kwenye damu, na kinga ya mwili, ambayo sehemu yake kubwa imekaa hapo hapo kwenye utumbo, hubaki vitani usiku na mchana. Vita hivyo vinakula nguvu na kushusha homoni inayochochea ukuaji. Madini ya zinki na vitamini A, ambavyo mwili unavihitaji kujenga kinga, navyo hupungua. Mtoto wa namna hiyo akikutana na kirusi cha mafua, kinamkuta tayari amechoka.

Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi katika kijiji cha Keneba, nchini Gambia, walipima jinsi utumbo wa watoto wachanga unavyovuja. Waliona kwamba uvujaji huo peke yake ulieleza asilimia 43 ya tofauti katika kudorora kwa ukuaji wa watoto wale. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, vijana wa Marekani waliokwenda kujitolea Pakistan walipimwa utumbo wakakutwa na uharibifu wa namna hiyohiyo, na waliporudi kwao utumbo wao ulianza kupona. Walikwenda wakiwa watu wazima wenye afya njema. Kwa hiyo suala hili halihusu ukoo wala damu, wala haliwezi kupachikwa jina la uzembe wa mama. Mazingira ndiyo yanayoumiza utumbo, na mazingira yakibadilika utumbo hupata nafasi ya kupona.

Hata chanjo za matone hukutana na kikwazo hiki. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya virusi vya rota mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014, na imeokoa watoto wengi. Lakini katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010, chanjo hiyo ilizuia asilimia 77 ya kuhara kukali kwa rota Afrika Kusini, na asilimia 49 tu Malawi. Ni chanjo ileile, matone yaleyale. Sababu ni kadhaa, na utumbo uliovimba unahesabiwa miongoni mwake. Nusu hiyo ni uhai wa watoto wengi, basi mzazi asiikose kwa sababu yoyote.

Utumbo una wakazi wake wema pia. Mtoto anaponyonya, maziwa ya mama humletea aina zaidi ya 100 za sukari ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzisaga. Sukari hizo ni chakula cha bakteria waitwao bifidobakteria, ambao huufanya utumbo uwe na uchachu usiopendwa na vimelea vya maradhi. Maziwa hayo hayo hubeba kingamwili zinazoukinga ukuta wa utumbo. Ndiyo maana wataalamu hawachoki kusisitiza miezi sita ya maziwa ya mama pekee. Kijiko cha maji au uji mwepesi katika mwezi wa pili, hata kikitolewa kwa upendo wa bibi, kinaingiza vimelea mahali ambapo ulinzi ulikuwa bado unajengwa.

Pigo kubwa kwa wakazi hao wema hutoka duka la dawa. Katika utafiti ule wa nchi nane, kwa wastani mtoto alipewa antibiotiki karibu mara tano kwa mwaka katika miaka yake miwili ya kwanza. Nyingi zilitolewa kwa kikohozi cha kawaida na kuhara kusikokuwa na damu, hali ambazo mara nyingi husababishwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Hapa pasieleweke vibaya. Nimonia inaua, na kuhara damu kunahitaji dawa hizi bila kuchelewa. Lakini nusu dozi ya amoksilini iliyonunuliwa dukani kwa sababu ya makamasi humaliza bakteria wema na kuwaachia wabaya uwanja, na mtoto anarudi kuumwa kabla mwezi haujaisha.

Umuhimu wa wakazi hao ulionekana wazi Malawi. Watafiti waliwafuata mapacha jozi 317 hadi umri wa miaka mitatu, na katika baadhi ya jozi pacha mmoja alipata kwashakoo huku mwenzake akibaki mzima, ingawa walilala nyumba moja na kula chungu kimoja. Bakteria wa tumbo la mtoto mgonjwa walipowekwa kwenye panya waliolishwa chakula cha Kimalawi, panya wale walikonda sana. Utafiti huo ulitoka mwaka 2013. Miaka minane baadaye, timu ya Dhaka, Bangladesh, ikishirikiana na profesa Jeffrey Gordon wa Marekani, ilichapisha matokeo ya chakula kilichobuniwa kwa ajili ya kuwalisha bakteria wema. Kilitengenezwa kwa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi. Watoto wenye utapiamlo wa wastani waliokila kwa miezi mitatu waliongezeka uzito kwa kasi zaidi kuliko waliopewa chakula cha lishe cha kawaida, ingawa hicho cha kawaida kilikuwa na nguvu nyingi zaidi. Vyakula hivyo vinne vipo katika masoko yetu. Karanga ziwe kavu na zisizo na ukungu, kwa sababu sumukuvu nayo ni adui wa mtoto.

Mtoto anapohara, kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hulikatisha njiani. Maji ya chumvichumvi ya ORS humwokoa asikaukiwe na maji, hilo linajulikana. Zinki ndiyo inayoachwa. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameagiza mtoto anayehara apewe zinki kwa siku 10 hadi 14; kipimo kilichotajwa mwaka huo kilikuwa miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi sita. Kuhara kwenyewe huisha mapema, vidonge vinatupwa kabatini. Kumbe kazi yake nyingine ni kusaidia ukuta wa utumbo upone na kupunguza uwezekano wa kuhara tena katika miezi miwili mitatu inayofuata. Siku hizo za kupona ndizo za kumwongezea mtoto mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili, wala si za kumpumzisha tumbo kwa maji matupu.

Lipo pia jambo la meno, na linaumiza kulitaja. Katika sehemu za Tanzania bado wapo wanaoamini kwamba homa na kuhara kwa mtoto huletwa na meno ya plastiki, na wanampeleka kwa mtu anayechimbua ufizi kwa chombo kisichosafishwa. Kinachong'olewa ni kichipukizi cha jino halisi. Watoto wamevuja damu, wameambukizwa, wengine wamekufa. Umri wa kuota meno ni umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na hapo ndipo vimelea hupata njia. Watafiti walioketi na watoto wachanga katika vijiji vya Zimbabwe waliwaona wakila udongo na kinyesi cha kuku kilichojaa E. koli. Mkeka safi na kuku waliofungiwa bandani vinamfaa mtoto kuliko kisu cha mng'oa meno.

Si kila maradhi yanayorudi hutoka tumboni. Mtoto anayepata nimonia tena na tena, au asiyeongezeka uzito kabisa, apimwe virusi vya ukimwi, kifua kikuu na selimundu. Vipimo hivyo visicheleweshwe kwa kujaribu vyakula.

Turudi kwenye mazingira. Majaribio mawili makubwa, moja Zimbabwe na jingine magharibi mwa Kenya katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga, yaliwapa wanakijiji vyoo bora, klorini ya kutibu maji na vifaa vya kunawia mikono. Matokeo yalipotoka mwaka 2018 na 2019, vitu hivyo havikuwa vimepunguza kuhara wala udumavu katika sehemu yoyote kati ya hizo mbili. Watu wengine walitafsiri kwamba usafi hauna maana. Tafsiri hiyo si sahihi. Maana yake ni kwamba choo cha shimo na ndoo yenye bomba, katika uwanja uliojaa vimelea, ni kinga ndogo mno. Jiji la Salvador, Brazil, lilichukua njia nyingine. Liliunganisha nyumba na mabomba ya majitaka, kutoka karibu robo ya kaya hadi asilimia 80, na kuhara kwa watoto wadogo kulipungua kwa takriban asilimia 21. Katika mitaa iliyokuwa na hali mbaya zaidi kulipungua kwa asilimia 43.

Tanzania, kwa takwimu za mwaka 2022, ina asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, na Kenya asilimia 18. Mama anaweza kunyonyesha, kumaliza dozi ya zinki, kukataa antibiotiki isiyohitajika na kufungia kuku. Bomba la majisafi na mtaro wa majitaka hawezi kuvijenga peke yake. Hayo ni madai ya kupelekwa kwa diwani, kwa mbunge na kwa halmashauri, na yapelekwe na akina baba pia.