Kuflashi kadi ya grafiki ya laptopu: unapata nini, unaweza kupoteza nini?

Kwa mafundi wa simu wa Darajani na Mlandege, neno "kuflashi" halihitaji maelezo. Simu iliyojifunga huachwa asubuhi, jioni mwenyewe anaifuata ikiwa nzima. Ndiyo maana kijana anayehariri video za harusi huona hakuna ubaya kufanya vivyo hivyo kwenye laptopu yake ili iongeze kasi. Kwenye kadi ya grafiki, lakini, mambo hayako hivyo. Katika makala hii tunaeleza kinachofanyika, na kwa nini kosa dogo linaweza kumnyima mtu chombo chake cha kazi.

Kinachobadilishwa ni nini?

Kadi ya grafiki ndiyo inayotengeneza picha unazoziona kwenye skrini. Ndani yake mna programu ndogo, BIOS ya kadi, inayoiamrisha kadi tangu laptopu inapowashwa: iende kwa kasi gani, itumie umeme kiasi gani, na ijipunguze ikifikia joto gani. Kuflashi ni kuifuta programu hiyo na kuandika nyingine mahali pake.

Kishawishi kinaeleweka. Chukua mfano wa GeForce RTX 3060 ya laptopu. NVIDIA inawaruhusu watengenezaji kuipangia umeme wa kati ya wati 60 na 115. Hivyo laptopu mbili zinaweza kuwa na kadi ya jina moja, lakini moja ikaishinda nyingine kwa mbali. Mwenye ile dhaifu hutafuta BIOS ya ile yenye nguvu, akaiweka kwenye yake. Wengine huchukua BIOS iliyochezewa na mtu wasiyemjua.

Hatari iko wapi?

Kwanza ni joto. Mtengenezaji aliyechagua wati chache aliangalia feni, mabomba ya kupoozea na chaja aliyoiweka. BIOS mpya haibadilishi hata kimoja kati ya hivyo. Mwaka 2015 jambo hili lilizua mzozo: NVIDIA ilitoa draiva iliyozuia kuongeza kasi ya kadi za laptopu, kisha ikalegeza msimamo baada ya wateja kulalamika.

Pili, BIOS inaweza isilingane na kadi. Kadi zenye jina moja zinaweza kuwa na kumbukumbu za aina tofauti au matundu ya skrini yaliyounganishwa kwa njia nyingine. Ukikosea, skrini inabaki nyeusi. Na tangu kadi za GTX 10 za mwaka 2016, NVIDIA huzipa BIOS sahihi ya kidijitali, na kadi huikataa iliyobadilishwa. Kuzunguka ulinzi huo kunaongeza hatari.

Tatu ni umeme. Kuandika BIOS huchukua muda mfupi tu, lakini umeme ukikatika katikati, kadi inabaki na programu nusu. Sisi wa Unguja hatuhitaji kuhadithiwa kuhusu kukatika umeme. Mwaka 2008 tulikaa kiasi cha mwezi mmoja gizani, na kuanzia Disemba 2009 tukakaa takriban miezi mitatu, kwa sababu ya hitilafu kwenye njia ya umeme unaotoka Bara. Laptopu yenye betri nzima inahimili umeme ukikatika. Ya mtumba yenye betri iliyokufa huzimika papo hapo.

Hatua zikoje?

Anayejua kazi huanza kwa kunakili BIOS ya asili, kwa mfano kwa programu ya GPU-Z, na kuihifadhi nje ya laptopu. Kisha huhakikisha namba za kadi zinalingana, huchaji betri hadi ijae, hufunga programu nyingine zote, ndipo huandika.

Kadi ikifa, matumaini yapo iwapo prosesa ya laptopu ina grafiki zake: mashine itawaka, na nakala ya asili itarudishwa. Kama hazipo, fundi hulazimika kufungua laptopu na kuandika moja kwa moja kwenye chipu kwa kifaa maalumu. Hapo pia pana mtego: chipu nyingine hutumia volti 1.8, nyingine 3.3, na kuzichanganya kunaweza kuiunguza. Tena katika laptopu nyingi BIOS ya kadi imo ndani ya BIOS kuu, kwa hiyo kosa moja linaweza kuizima mashine nzima.

Kabla ya kuamua

Tunashauri kuanza na lisilo na hatari. Nyumba za Mji Mkongwe zina joto na vumbi, na hewa ya bahari ina chumvi. Feni iliyoziba na grisi ya kupitishia joto iliyokauka hupunguza kasi ya kadi kila siku. Mpe fundi aisafishe laptopu na kubadilisha grisi hiyo, kisha itumie kwenye meza, si juu ya godoro. Huenda ukakuta kasi uliyokuwa ukiitafuta ilikuwa imefunikwa na vumbi tu.

Ukiwa bado unataka kuflashi, muulize fundi maswali mawili: nakala ya asili iko wapi, na mashine isipowaka ataifufua vipi? Akikosa jibu, chukua laptopu yako uondoke. Harusi ya Jumamosi bado inasubiri video yake.