Hesabu ya Mbogo Mmoja Bondeni Zambezi

Bunduki ndiyo huhojiwa kwanza. Mgeni akishashuka uwanja wa ndege wa Harare, ofisa hufungua sanduku lake gumu lenye makufuli, akalinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye karatasi, kisha akahesabu risasi. Tarakimu moja ikipishana, safari iliyolipiwa tangu mwaka uliopita inaweza kukwama hapohapo. Mbele kuna vibali vingine: cha kumpiga mnyama, cha kutoa pembe zake nje ya nchi, na wakati mwingine cha kuziingiza huko mgeni anakotoka.

Wageni wengi wanaokuja kuwinda kusini mwa Afrika ni Wamarekani, na mnyama anayewavuta sana Zimbabwe ni mbogo. Humfuata kaskazini kabisa ya nchi, katika Bonde la Zambezi, kwenye mapori kama Dande yaliyo wilaya ya Mbire, karibu na mipaka ya Msumbiji na Zambia. Ukiteremka kutoka nyanda za juu unaingia katika joto, misitu ya mopane na mbung'o wanaouma hata juu ya shati. Msimu mzuri ni wa kiangazi, Mei hadi Oktoba, nyasi zinapolala na maji yanapobaki kwenye madimbwi machache.

Safari ya mbogo huchukua siku saba hadi kumi, na ankara yake ina mafungu mawili makubwa. Kuna ada ya siku, inayolipia kambi, chakula, gari na watu wa kazi. Na kuna ada ya mnyama, inayolipwa pale anapoangushwa. Jumla hupita dola 10,000 kabla ya nauli ya ndege. Makampuni ya uwindaji yana sharti moja lisilo na mjadala: tone la damu likionekana, mnyama amelipiwa, hata asipopatikana tena. Sharti hilo limewafundisha wengi kungoja kabla ya kufyatua kuliko hotuba yoyote ya uhifadhi.

Mchana wa kwanza hakuna kuwinda. Karatasi hubandikwa mtini na mgeni huambiwa ajaribu bunduki yake, maana darubini iliyokaguliwa nyumbani huenda imepigwapigwa njiani. Mwindaji bingwa, yaani yule mwenye leseni ya kuongoza wageni, huangalia matundu kwenye karatasi lakini pia humwangalia mpigaji. Anafumba macho anapofyatua? Anaiogopa bunduki yake? Kaliba ya .375, inayopendwa na wengi kwa mbogo, hupiga bega teke la kweli, na mtu aliyenunua bunduki kubwa kwa sifa hujulikana siku hiyohiyo.

Kesho yake gari huondoka kambini kungali giza. Mbogo hunywa usiku na kuvuka barabara za vumbi kabla hakujapambazuka, kwa hiyo kazi ya asubuhi ni kuisoma barabara. Mfuata nyayo hukaa juu ya gari, macho chini, na akiona kitu hugonga bati mara mbili. Gari husimama. Yeye hushuka peke yake, wengine wakingoja.

Hapa ndipo safari nzima inapotegemea elimu isiyo na cheti. Ukingo wa kwato ukiwa bado mkali, nyayo ni za saa chache; ukiwa umemomonyoka, au vijidudu vya usiku vimepita juu yake, ni za jana. Kinyesi huvunjwa kwa kijiti, kisha kidole huingizwa ndani: juu kinaweza kuwa kimekauka kwa jua huku katikati kingali na joto. Majani yaliyotafunwa na kudondoka huangaliwa kama utomvu wake haujageuka rangi. Nyayo pana za dume mzee zikijitenga na za kundi, huzifuata hizo. Mkononi ana kijifuko cha majivu. Hukitikisa kila baada ya hatua kadhaa kuona upepo unaelekea wapi, kwa sababu mbogo humnusa mtu mbali sana kabla ya kumwona.

Wanatembea kwa mstari. Mfuata nyayo mbele, mwindaji bingwa nyuma yake, kisha mgeni, msaidizi mwenye maji na, nyuma kabisa, askari wa wanyamapori anayehakikisha kuwa mnyama atakayepigwa ndiye aliyeandikwa kwenye kibali. Hakuna anayeongea. Vidole vinatosha. Kuwinda usiku au kupiga kutoka ndani ya gari ni kosa, kwa hiyo miguu haina mbadala, na siku ya kilomita 15 ni ya kawaida. Mara nyingi huishia patupu: ikikaribia saa sita mchana upepo huzungukazunguka, kundi lililolala kivulini linanusa harufu ya binadamu, na kinachobaki ni vumbi na kishindo cha kwato mopaneni.

Siku mambo yakikubali, wanalifikia kundi kwa kutambaa. Sasa linakuja swali la pembe. Dume kijana pembe zake zinaweza kuwa pana na za kupendeza, lakini pale zinapokutana utosini bado ni laini na kuna nywele. Huyo bado ana kazi ya kuzalisha kundini na huachwa. Anayetafutwa ni mzee ambaye utosi wake umekuwa mgumu na mweusi, masikio yamechanika, pengine na pembe zimelika ncha. Mgeni aliyezoea kupima pembe kwa futi huhitaji kusadikishwa kwamba yule mwenye pembe fupi ndiye anayefaa.

Miti mitatu iliyofungwa pamoja juu husimamishwa, mgeni akalaza bunduki. Umbali ni chini ya mita 100, mara nyingi nusu yake. Shabaha ni mstari wa mguu wa mbele, theluthi ya chini ya kifua, kwa maana moyo wa mbogo umekaa chini kuliko watu wanavyodhani. Baada ya risasi ya kwanza huongezwa ya pili bila kustaajabu, kisha kila mtu hutega sikio. Mbogo anayekufa mara nyingi hutoa mlio mrefu, mzito, kutoka kifuani, na wafuata nyayo huusubiri mlio huo kabla ya kusogea.

Usiposikika, mambo hubadilika. Mbogo aliyejeruhiwa huingia kichakani, na mwindaji bingwa analazimika kumfuata. Kumwacha ni kumwachia hatari mwanakijiji atakayepita kesho kutafuta kuni. Mgeni anaweza kuambiwa abaki nyuma. Mwindaji bingwa na mfuata nyayo huingia hatua kwa hatua, wakijua kwamba mnyama huyo ana tabia ya kurudi kando ya njia yake mwenyewe na kungoja. Hawa ndio ajali huwapata. Mei 2018 mwindaji bingwa mmoja aliuawa na mbogo mkoani Limpopo, Afrika Kusini. Mwaka mmoja kabla, karibu na Hwange, Zimbabwe, mwenzake alinyanyuliwa kwa mkonga na tembo, tembo akapigwa risasi na kumwangukia.

Ndiyo maana leseni ya uwindaji bingwa ya Zimbabwe inaheshimiwa barani. Mwanafunzi hufanya mtihani wa kuandika juu ya sheria, wanyama, silaha na huduma ya kwanza, kisha hutumikia miaka kadhaa chini ya bingwa mwenye leseni, ndipo apelekwe porini mbele ya watahini wanaomtazama anavyomkabili tembo au mbogo wa kweli. Kazi hii ina historia isiyopendeza. Frederick Selous, Mwingereza aliyefika kusini mwa Afrika mwaka 1871 akiwa na umri wa miaka 19, aliishi kwa kuuza pembe za ndovu, na mwaka 1890 ndiye aliyewaonyesha njia walowezi wa Cecil Rhodes walioitwaa Mashonaland. Watanzania wanalijua jina lake kwa pori lililopewa jina hilo, kwani aliuawa kwa risasi huko Beho Beho Januari 1917 akipigana na Wajerumani. Miaka mingi baada ya uhuru, wenye leseni Zimbabwe wameendelea kuwa wazungu kwa wingi, na wanaosoma nyayo ni Waafrika. Mfuata nyayo anategemea mshahara mdogo na bahasha anayoachiwa siku mgeni anapoondoka.

Dume mzima wa mbogo ana kilo 600 hadi 800. Akishaanguka, watu wa kambi humvuta juu ya gari kwa kamba ya chuma, na kambini wachunaji hukesha: ngozi ya shingo hupakwa chumvi, fuvu huchemshwa, maini huliwa usiku huohuo. Nyama nyingine hukatwa vipande na kugawiwa vijiji jirani au kukaushwa. Pembe hupelekwa mjini kutiwa dawa ya wadudu na kufungwa kwenye sanduku, na huenda zikamfikia mwenyewe mwaka unaofuata.

Fedha nazo zina njia yake. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1975 iliwapa wenye mashamba makubwa, wakati huo wazungu, haki ya kunufaika na wanyama walio kwenye ardhi yao. Mwaka 1982, baada ya uhuru, haki hiyo ilifunguliwa pia kwa halmashauri za wilaya zenye ardhi ya kijamii. Kutoka hapo ukazaliwa mpango wa CAMPFIRE, wa jamii kunufaika na wanyama wanaoishi nao, na wilaya za Guruve na Nyaminyami zikawa za kwanza kukabidhiwa mamlaka, ukingoni mwa miaka ya 1980. Kijiji cha Masoka, kilichokuwa Guruve wakati huo na sasa kiko Mbire, ndicho kielelezo kilichotajwa zaidi: kwa fedha za uwindaji kilijenga shule na zahanati, kikazungushia mashamba uzio wa umeme kuzuia tembo na mbogo, na kaya zikapata mgao wa fedha taslimu. Mtu aliyepoteza mtama wake kwa tembo usiku mmoja ana sababu ya kuuliza anafaidika nini naye, na huko Masoka lilipatikana jibu la kushikika.

Jibu hilo, hata hivyo, linaning'inia kwenye uamuzi wa watu wa mbali. Aprili 2014 idara ya wanyamapori ya Marekani ilisimamisha kuingiza nchini humo nyara za tembo kutoka Zimbabwe na Tanzania kwa pamoja. Ada ya tembo ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa mapato ya CAMPFIRE, na Wamarekani hawakuona haja ya kulipia pembe wasizoweza kwenda nazo. Novemba 2017 zuio lilitangazwa kulegezwa, na siku chache baadaye Rais Donald Trump akauita uwindaji huo, mtandaoni, kuwa ni kitisho.

Kati ya matukio hayo mawili akauawa Cecil. Simba huyo wa Hwange, mwenye umri wa miaka kama 13, alikuwa na ukanda wa satelaiti wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford shingoni pale daktari wa meno kutoka Minnesota alipompiga mshale, Julai 2015, nje ya mpaka wa hifadhi. Iliripotiwa kuwa alilipa karibu dola 50,000. Waziri wa Zimbabwe alisema baadaye kwamba karatasi za daktari huyo zilikuwa sawa, na mashtaka dhidi ya mwindaji bingwa wake yakatupwa na mahakama mwaka 2016. Mashirika ya ndege ya Delta, United na American yalishatangaza kutobeba tena nyara. Mwanafunzi wa Kizimbabwe aliyekuwa akisoma Marekani aliandika katika New York Times kwamba kijijini kwao simba hapewi jina la kubembeleza, anaogopwa. Wengi waliomsoma walikasirika, na huenda ndiyo maandishi ya kweli zaidi yaliyotoka katika kelele zile.

Elimu nzuri kuhusu simba wa kupigwa ilikwishapatikana, tena Tanzania. Utafiti wa Serengeti na Ngorongoro uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa madume wakipigwa baada ya miaka mitano au sita, wakishalea watoto wao, idadi ya simba haitetereki, na umri unaweza kukisiwa kwa weusi wa pua. Tanzania iliweka kiwango cha miaka sita, na Zimbabwe nayo ikaja kupanga mgawo wake kwa kufuata umri. Afrika Kusini ni hadithi nyingine. Huko maelfu ya simba wamezaliwa vizimbani na wengi kupigwa ndani ya uzio, jambo ambalo wawindaji wengi wenyewe huliona aibu. Serikali ilitangaza Mei 2021 kuwa itaachana nalo.

Botswana ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii Januari 2014, ikaurudisha mwaka 2019. Ina tembo wapatao 130,000, na Aprili 2024, Ujerumani ilipozungumzia kubana uingizaji wa nyara, Rais Mokgweetsi Masisi aliwaambia Wajerumani atawapelekea tembo 20,000 wakaishi nao. Uingereza nako muswada wa kuzuia nyara ulipita kwa wabunge mwaka 2023, ukafia katika Baraza la Malodi.

Mikutano ya kata bondeni Zambezi haina muda mwingi na Malodi. Mwongozo wa CAMPFIRE unasema angalau asilimia 55 ya mapato iende kwa jamii inayoishi na wanyama, lakini kwa miaka mingi fedha zilipitia kwanza halmashauri, zikachelewa, na wakati wa mfumuko wa bei wa 2007 na 2008 zilipofika kijijini zilikuwa hazinunui hata mfuko wa unga. Baadhi ya kata, ikiwamo ya Masoka, zilifungua akaunti zao benki ili kampuni ya uwindaji ilipe moja kwa moja. Kinachodaiwa katika mikutano hiyo ni orodha: wanyama wangapi wamepigwa msimu huu, wa aina gani, kila mmoja amelipiwa dola ngapi, na zimeingia akaunti gani.