Afisa Ustawi wa Jamii ni Nani?

Ndugu msomaji, vijijini wako watu wanaomwogopa Afisa Ustawi wa Jamii. Husema, "Huyo atatangaza mambo yangu." Wengine humngojea agawe unga na nguo. Wote hawajaijua kazi yake.

Kazi hii ilianzaje? Kusaidiana ni jambo la kale. Lakini kusaidia watu kama kazi ya kusomea kulianza katika karne ya 19. Wakati huo miji ya viwanda ya Ulaya na Marekani ilijaa maskini. Mwaka 1869, mjini London, kiliundwa chama cha kupanga misaada. Watu wake walitembelea nyumba za maskini na kuuliza shida zao. Hilo lilikuwa jema. Ila waliwagawa watu: huyu anastahili, yule hastahili. Mwaka 1889 mama mmoja Mmarekani, Jane Addams, alihamia mtaa wa maskini mjini Chicago pamoja na rafiki yake. Walikaa nao kama majirani, wakawasikiliza.

Hapa Tanzania, Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Dar es Salaam kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973.

Kazi hii ina miiko yake:

1. Kumheshimu kila mtu, awe mlevi, mgonjwa au mfungwa.
2. Kutomwamulia mtu mambo yake. Afisa hueleza njia zilizopo, mwenye shida huchagua.
3. Kutopokea rushwa.
4. Kutunza siri.

Je, siri ina mpaka? Ndiyo. Mtoto akiteswa, afisa hawezi kunyamaza. Hata wewe usinyamaze. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa.

Tuchukue mfano. Mama ameachwa na watoto watatu, baba hatoi matunzo. Afisa humwita baba, huwasikiliza wote wawili bila kumtukana yeyote. Wakipatana, vizuri. Wasipopatana, humweleza mama namna ya kwenda mahakamani. Hakumpa unga, lakini amemwonyesha njia ya kupata haki ya watoto wake.

Basi ndugu, ukifikwa na shida kama hiyo, nenda ofisi ya halmashauri ya wilaya, umwulizie afisa huyo. Mweleze kweli yote. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.